Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma mwanga na mudi kwenye picha ya mtaa wa kijiji ya Waimpreshonisti (anza na kivuli)

Watu wengi ukiwawekea mbele picha ya barabara ya kijijini Ufaransa, ile ya kina Pissarro na Sisley, yani Waimpreshonisti (wachoraji wa Ufaransa wa miaka ya 1870 waliofukuzana na mwanga wa nje), wanasema "nzuri, imetulia" alafu wanapita, na siwalaumu maana mi mwenyewe nimefanya hivyo miaka. Barabara, miti, nyumba mbili tatu, farasi, basi. Hakuna anayepigana, hakuna malaika, hakuna mfalme kapanda farasi. Unatafuta kisa cha kusimulia hukioni, kwaiyo unabaki na "imetulia".

Kisa kipo, ila kimekaa kwenye mwanga. Jua lilipiga wapi, saa ngapi, msimu gani, na yule mchoraji alikimbizana nalo vipi. Na njia rahisi ya kukipata niliyoijua mimi ni kuanza na kivuli kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya nyumba, kabla ya watu, kabla hata ya kusoma jina la picha. Ntaeleza hatua kwa hatua, na mwisho tutatoka nje tujaribu kwenye mtaa wetu wenyewe, maana bila kushika brashi (au hata penseli za rangi za mtoto) nusu ya haya yatabaki maneno.

Picha utakazohitaji

Picha kuu ni ya Camille Pissarro, "Entrée du village de Voisins", ya 1872, ipo makumbusho ya Orsay pale Paris. Ni ndogo kuliko unavyodhani, sentimita 46 kwa 55.5 tu, unaibeba kwapani. Voisins ni kitongoji cha Louveciennes, kijiji cha magharibi ya Paris alichokuwa anaishi Pissarro kuanzia 1869. Huyu jamaa kwa taarifa yako hakuzaliwa Ufaransa, alizaliwa 1830 kisiwa cha Saint Thomas huko Karibiani, enzi hizo kikiwa koloni la Denmark, kwaiyo jua la tropiki alikuwa analijua vizuri kabla hajalijua la Paris.

Ya pili ni ya Alfred Sisley, "La Neige à Louveciennes", 1878, nayo ipo Orsay, sentimita 61 kwa 50.5, imesimama wima. Kijiji ni kile kile, ila theluji.

Alafu tafuta jozi moja ya kulinganisha: Pissarro aliichora barabara ya kwenda Versailles inayopita Louveciennes mara kadhaa. Kuna ya theluji ya 1869 iliyopo makumbusho ya Walters kule Baltimore, na ya mvua ya 1870 iliyopo makumbusho ya Clark, Williamstown, zote Marekani. Na kama una bando la kutosha ongeza ya Sisley ya mtaa wa kijiji cha Marlotte ya 1866, ipo makumbusho ya Buffalo, Marekani hiyo hiyo, hiyo tutaitumia kama "kabla".

Zitoe kwenye tovuti za makumbusho yenyewe, usichukue iliyozungushwa WhatsApp mara kumi, ile imeshakamuliwa rangi zote. Na zima ile setingi ya simu inayofanya kioo kiwe cha njano usiku! Mi nilikaa wiki nzima najisemea Sisley alipenda njano kumbe ni simu yangu.

Hatua ya 1: finya macho

Weka picha ya Voisins, usizumu, shika simu mbali kidogo au kaa nyuma ya kompyuta, alafu finya macho mpaka usione tena majani wala madirisha, ubaki na madoa. Unataka madoa makubwa matatu au manne tu: palipo na mwanga mwingi, palipo na wastani, palipo na giza. Chukua karatasi yoyote, hata nyuma ya risiti, uyachore hayo madoa kwa penseli, dakika moja inatosha, isiwe nzuri.

Ukimaliza piga skrinishoti uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Linganisha na madoa yako. Wengi hapa wanashtuka kidogo maana picha inakuwa imepoa, imekuwa kijivu kijivu, vitu vilivyokuwa vimetengana vizuri kwenye rangi sasa vimeungana. Hiyo sio bahati mbaya. Wachoraji wa zamani walitenganisha mwanga na kivuli kwa kufanya kivuli kiwe cheusi sana, hawa wakatenganisha kwa kufanya kimoja kiwe cha moto (njano, waridi, krimu) na kingine cha baridi (bluu, zambarau, kijani cha ubaridi) bila kutofautiana sana kwa uzito (yani rangi ilivyo na giza au nyepesi). Mfano mkali kabisa ni ile ya mwenzao Claude Monet ya jua linachomoza bandarini Le Havre, ya 1872, ukiitoa rangi lile jua la machungwa karibu linapotea kabisa kwenye anga, kwa sababu uzito wake na wa anga ni karibu sawa, kinachoonekana kwa macho ni tofauti ya rangi tu.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa Sisley wa Marlotte, 1866. Ile ina kahawia na kijani kizito, ni mtaa wa kijiji pia, nayo ilipokelewa kwenye onyesho rasmi la Salon mwaka huo huo. Ukiilinganisha na theluji yake ya 1878 utaona ndani ya miaka kumi na mbili mtu huyo huyo amehama kutoka gizani. Mi hii ndo naiona hatua ya faida kuliko kusoma kurasa ishirini za historia ya sanaa.

Hatua ya 2: kivuli, na hapa tukae kidogo

Rudi Voisins. Barabara inaingia kutoka chini ya picha inaelekea kijijini, miti iko pande mbili, kuna gari la farasi, na vivuli vya miti vimelala vimeikata barabara. Kwa kila kivuli jiulize mambo manne.

Kimetokea upande gani? Fuata kivuli mpaka shina la mti wake. Jua liko upande wa pili wa huo mti. Usisome mahali, tazama mwenyewe, ukisomewa hutajifunza.

Kina urefu gani? Kilinganishe na mti. Na hapa ndo watu wa kwetu tunateleza, kwaiyo nisikilize vizuri. Sisi tukiona kivuli kirefu tunasema moja kwa moja asubuhi au jioni, kwa sababu kwetu mchana kivuli kinakuja miguuni. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linakuwa utosini kabisa, mlingoti unakosa kivuli. Louveciennes iko karibu nyuzi 49 kaskazini. Mwishoni mwa Disemba pale jua la saa sita mchana, yani pale juu kabisa linapofika siku hiyo, linapanda nyuzi kama 18 tu kutoka upeo. Mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha zaidi ya mita 5, saa sita mchana! Kwaiyo kivuli kirefu kwenye picha ya Ulaya kinaweza kuwa jioni ya kiangazi au mchana kweupe wa baridi, na hizo ni mudi mbili tofauti kabisa, moja watu wanarudi nyumbani wamechoka kwa jua, nyingine watu wapo katikati ya shughuli zao wamejifunika makoti.

Utajuaje ipi? Tazama miti. Ina majani mazito, machache, au imebaki fimbo? Tazama nguo za watu. Tazama kama kuna moshi kwenye dohani. Kivuli kinakupa urefu wa jua, miti inakupa msimu, ukiviunganisha unapata saa. Ni hesabu ya kawaida tu, ila ukishaifanya mara moja huwezi kuiona tena ile picha kama kadi ya salamu.

Ukingo wake ukoje? Kivuli chenye mpaka mkali maana yake jua liko wazi. Ukingo uliolegea, unayeyuka, maana yake kuna wingu jembamba au mti wenyewe uko mbali na ardhi kinapoangukia. Hakuna kivuli kabisa? Mawingu yamefunika, mwanga unatoka anga zima kwa pamoja, na hiyo ndo theluji ya Sisley, tutaifikia.

Kina rangi gani? Hili la rangi ndo lililonifanya nianze kuandika huu mwongozo. Nilipoanza kuchora nilichora mtaa wetu, jua la alasiri, nikachukua rangi nyeusi nikapaka vivuli. Picha ilivyokauka vile vivuli vilikaa kama mtu kamwaga oili chafu barabarani. Nikaongeza nyeupe vikawa kama simenti. Nilitaka kuiacha kabisa hii kazi, wallahi.

Tatizo lilikuwa kwamba kivuli cha nje sio giza. Jua limezibwa na mti, sawa, ila mbingu haijazibwa. Mbingu ya siku ya jua ni bluu na ni kubwa, inakimwagia kile kivuli mwanga wa bluu kutoka juu muda wote, na ukuta wa jirani kama ni wa njano unakirushia njano kidogo kutoka pembeni. Jaribu kesho: weka karatasi nyeupe nje saa kumi jioni, nusu juani nusu kivulini. Tazama kwa macho, usitumie kamera maana simu inajirekebisha rangi yenyewe inakudanganya. Ile nusu ya kivulini itaonekana ya bluu kidogo, ya juani ina umanjano. Ukishaiona hiyo huwezi tena kuipaka nyeusi.

Hawa jamaa waliliona hilo na wakalipaka kama walivyoliona, wakatukanwa. Watu wakauliza, zambarau ardhini ya nini?

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo, nalo lina mkemia ndani yake. Michel-Eugène Chevreul alikuwa mkuu wa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins pale Paris, watu wakawa wanalalamika nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu. Akachunguza akakuta rangi yenyewe haina shida, shida ni majirani zake, rangi inabadilika machoni kutokana na iliyo pembeni yake. Akaandika kitabu 1839. Kwaiyo kwenye picha hizi ukiona barabara ya krimu ya waridi na pembeni kuna kivuli cha bluu, kila mmoja anamsukuma mwenzake, krimu inazidi kuwaka, bluu inazidi kupoa. Ule mng'ao unaouona Voisins hautoki kwenye rangi fulani ya ajabu ya dukani.

Hatua ya 3: karatasi yenye tundu

Hii fupi. Toboa tundu dogo, la ukubwa wa punje ya dengu, kwenye kipande cha karatasi nyeupe au ya kijivu. Iweke juu ya kioo cha kompyuta uisogeze polepole juu ya picha. Simamisha juu ya barabara palipo jua, sema rangi kwa sauti. Simamisha kwenye kivuli, sema rangi. Ukuta, paa, anga karibu na paa, anga juu kabisa.

Akili yako inajua "barabara ni ya udongo, udongo ni kahawia". Tundu halijui hilo, litakuonyesha waridi, kijivu cha zambarau, saa nyingine kijani. Andika orodha yako. Mi mara ya kwanza kwenye barabara moja nilihesabu rangi saba na hakuna hata moja ningeiita kahawia.

Hatua ya 4: anga

Sisley aliandika kwenye barua ya 1892 kwamba yeye huanza picha na anga siku zote. Muamini. Funika anga kwa mkono kwenye picha yake yoyote uone inavyokufa.

Pima anga limechukua sehemu gani ya picha, nusu, theluthi, au limebanwa kijipande juu. Anga kubwa jepesi linakufanya upumue, ndo Voisins hiyo, bluu laini imekaa juu ya paa. Kwenye theluji ya 1878 anga lina uzito, kijivu, na halina tofauti kubwa na ardhi, kwa sababu theluji chini nayo inarudisha mwanga juu. Mwanga umefungiwa kati ya vitu viwili vyeupe. Hakuna kivuli cha kusomea saa. Kwaiyo ukiulizwa pale ni saa ngapi, huwezi kujibu, na nadhani kile kimya watu wanachokisema kwenye picha za theluji sehemu kubwa kinatokea hapo: saa imesimama.

(Sisley aliishi maisha magumu ya pesa, alikufa 1899 Moret-sur-Loing bila kuonja bei ambazo picha zake zinauzwa leo. Nimelitaja hapa ili nikukataze kulitumia. Ntarudi hapo.)

Hatua ya 5: watu, wako wapi na mwanga uko wapi

Kwenye picha hizi watu ni wadogo, hawana sura, mara nyingi ni mpako mmoja wa brashi wa nguo na nukta ya kichwa. Usitafute sura zao, watazame kama alama za mizani.

Theluji ya Sisley ina njia nyembamba inayoingia ndani na mtu mmoja mdogo wa rangi nzito kwenye hiyo njia. Ziba huyo mtu kwa kidole. Picha inabaki nzuri, ila haina baridi tena! Yule mtu ndo anakupa ukubwa wa ule weupe, na ndo sehemu nzito kuliko zote katikati ya nyeupe kwaiyo jicho halina pa kwenda isipokuwa kwake. Sasa rudi Voisins uzibe gari la farasi. Pale unachopoteza ni mwendo, kijiji kinakuwa kama hakuna anayekuja wala kuondoka.

Swali la kuuliza kila mara: mtu amewekwa juani au kivulini? Anakuja au anaenda? Peke yake au na mwenzake? Majibu hayo matatu ukiyaweka pamoja na saa uliyoipata hatua ya 2, tayari una mudi, na una ushahidi wake.

Hatua ya 6: taja mudi, lakini kwa ushahidi

Hapa nina kinyongo kidogo na watu wa kusema "picha ina huzuni" wakaishia hapo. Huzuni umeiona wapi? Nionyeshe kwa kidole.

Chukua ile jozi ya barabara ya Versailles. Barabara hiyo hiyo, mchoraji huyo huyo, miezi tu katikati. Moja theluji, moja mvua. Chora mstari katikati ya karatasi, upande huu andika vitu ambavyo havijabadilika (barabara, nyumba, miti), upande huu vilivyobadilika: rangi ya ardhi, ardhi inarudisha anga au inameza, kuna vivuli au hakuna, watu wangapi, ukingo wa paa umekatika vizuri au umelowa. Kile kilichobadilika ndo kimeleta mudi, maana nyumba ni zile zile. Ya mvua barabara imelowa kwaiyo anga limeshuka mpaka chini, unakanyaga kijivu kile kile kilichopo kichwani.

Ukimaliza andika sentensi moja tu yenye "kwa sababu" ndani yake. Mfano wangu wa Voisins: panaonekana pa salama na pa mapema kwa sababu vivuli vina mpangilio kama ngazi, vinakupandisha hatua kwa hatua mpaka kijijini, na hakuna kivuli hata kimoja kizito kiasi cha kukuzuia. Unaweza usikubaliane na mimi, ila angalau tunagombana juu ya kitu kilichopo kwenye picha.

Na lile katazo: usivute maisha ya mchoraji ukaifunika nayo picha. Pissarro 1870 alikimbia vita ya Ufaransa na Prussia akaenda London, wanajeshi wa Prussia wakakaa kwenye nyumba yake Louveciennes na picha nyingi alizoziacha zikaharibiwa. Anarudi, na 1872 anachora Voisins, miti, farasi, jua. Kama ungekuwa unasoma maisha yake badala ya kivuli ungetegemea nyumba zilizochomwa. Picha inasema siku hiyo kulikuwa na jua.

Hatua ya 7: sasa zumu

Nimeichelewesha makusudi. Watu wanaanza na mipako ya brashi, wanasema "ooh ona brashi" wanasahau picha.

Zumu kwenye mpaka wa kivuli na jua barabarani. Utaona hakuna mstari, kuna mipako mifupi imelazwa, mingine ya jua imeingia kwenye kivuli, mingine ya kivuli imetoka. Mara nyingi rangi ya pili imewekwa ya kwanza ikiwa bado mbichi, kwaiyo zimechanganyikana kidogo hapo hapo kwenye kanvasi. Sababu ni ya haraka haraka: jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, haungoji rangi ikauke. Na Pissarro aliweza kufanya kazi nje kwa sababu rangi zilishakuwa kwenye tyubu, Mmarekani John Goffe Rand aliipatia hataza (hati ya uvumbuzi) tyubu ya bati 1841, kabla yake rangi ilifungwa kwenye kibofu cha nguruwe na ukikitoboa ndo imetoka hiyo. Hata vipimo vya kanvasi zao ni vya dukani, zile 55 kwa 46 na 61 kwa 50 zilikuwa saizi za kawaida zenye namba, namba 10 na namba 12, unanunua imeshapigwa kwenye fremu unaondoka. Zinabebeka, ndo maana ni ndogo.

Hatua ya 8: toka nje

Vifaa: nyeupe tyubu kubwa, njano, nyekundu, bluu mbili (moja nzito inayoitwa ultramarini, moja nyepesi), kijani ukitaka. Nyeusi iache nyumbani, kabisa, la sivyo utaitumia. Akriliki inatosha, ila kwa joto letu inakauka ukiwa bado unafikiria, beba chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni. Kadibodi iliyopakwa rangi ya ukuta nyeupe au krimu inafanya kazi ya kanvasi, sentimita 20 kwa 25 hivi, usiende kubwa.

Saa: kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, hapo kivuli cha mtu kinakuwa kirefu kuliko mtu mwenyewe. Mchana wa kwetu huu wa saa saba ni mgumu mno kwa anayeanza, vivuli vimejificha chini ya mabati na barabara imeungua nyeupe yote. Na jioni usichelewe, jua letu linashuka wima, Louveciennes wakati wa kiangazi wana jioni ndefu ya kupiga stori, sisi karibu saa moja kiza hicho.

Kaa mahali barabara inaingia ndani, usiichore kwa pembeni. Dakika tano za mwanzo fanya kitu kimoja tu: chora mipaka ya vivuli vyote kwa brashi nyembamba na bluu iliyoyeyushwa sana. Vyote, alafu usivibadilishe tena hata vikihama, na vitahama! Mi picha tatu za mwanzo niliharibu kwa kukifukuza kivuli, upande wa kushoto ukawa saa kumi, wa kulia saa kumi na moja na nusu, mtaa mmoja majira mawili.

Baada ya hapo anga kwanza, kama Sisley. Alafu jaza vivuli vyote kwa mara moja: chukua rangi ya kitu chenyewe, ongeza bluu, kama kimezidi ubaridi tia nyekundu kidogo. Alafu pale penye jua, na hapo weka njano au waridi kidogo kwenye kila nyeupe yako, usitumie nyeupe tupu isipokuwa sehemu moja au mbili. Nyumba na mabati yaache yawe madoa. Watu weka mwisho, wawili wanatosha, mpako mmoja mmoja. Dakika arobaini ukiona umefika simama, hata kama kona haijakamilika.

Usiulize watu "nzuri?" wakipita, watasema nzuri kwa adabu. Uliza "hii saa ngapi?"

Yangu ya nne niliichora karibu na genge la chips mtaani kwetu, na yule mama wa genge alikuwa amenizoea, ananiita mwanangu, kila siku anapita ananiambia "pole na kazi" anaendelea zake. Siku hiyo nikamuuliza, "Shikamoo mama, hebu tazama, hapa ni saa ngapi?" Akaikazia macho, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Marahaba. Hapa sijawasha jiko bado, mwanangu. Kumi na robo hivi. Kivuli cha mwarobaini kikigusa benchi ndo nawasha, na hapa hakijagusa."

Nyuma ya kadibodi nilikuwa nimeandika 4:10.